Nani ana ruhusa ya kumpigia mwanao? Kuweka mipaka ya simu na meseji kwenye simu ya mtoto

Binti yangu alipewa simu na mjomba wake akiwa na miaka 11. Ilikuwa Samsung ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, lakini inafanya kazi. Wiki ya tatu, saa tatu usiku, ikaita namba ngeni. Mwanamume akasema amekosea namba, akaomba radhi, akakata. Kesho yake akapiga tena. Safari hii akamwambia mtoto, "Mimi ni rafiki wa mama yako," akataja jina langu, majina yote matatu. Mtoto akaamini. Angeachaje kuamini?

Ilinichukua siku mbili kujua jina langu alilipata wapi. Laini niliisajili mimi, kwa kitambulisho changu cha NIDA, na siku hiyohiyo nikaiunganisha na huduma ya pesa. Mtu yeyote akianza kutuma pesa kwenda namba ile, hata shilingi 500, anaonyeshwa jina la mwenye laini kabla hajathibitisha. Anasoma jina, anaghairi muamala, anapiga simu. Hahitaji utaalamu wowote.

Haya ninayoandika ndiyo niliyoyafanya baada ya hapo, na mengine nimejifunza kwa kuwawekea mipaka hiyohiyo watoto wa ndugu na majirani. Wazazi wengi huanza na saa: "Simu mwisho saa mbili usiku." Saa zina kazi yake, nitazifikia. Lakini mtu mwenye nia mbaya anaweza kupiga saa kumi alasiri, mtoto ametoka shule, wewe uko kazini. Mimi naanza na majina. Nani anaruhusiwa kumfikia mtoto huyu? Ukishalijibu swali hilo, mipangilio ya simu ni kazi ya nusu saa.

Kwanza karatasi, simu iweke pembeni

Kaa na mtoto mezani. Andikeni pamoja majina ya watu wanaoweza kumpigia na ambao yeye anaweza kuwapigia: wazazi au walezi, bibi na babu, mwalimu wa darasa, dereva au konda wa basi la shule, jirani mmoja wa karibu, na marafiki wawili watatu ambao unawafahamu wazazi wao. Kwa mtoto wa shule ya msingi, majina kumi yanatosha. Yakifika ishirini, pitieni tena, kwa sababu kuna watu humo hawana sababu ya kumpigia mtoto.

Hapa ndipo penye kazi kuliko unavyodhani. Mtu mmoja kwetu ana laini tatu. Baba ana namba ya kazini, ana nyingine ya bando la bei nafuu, ana ya tatu inayoshika mtandao kijijini. Dada wa kazi hubadilisha namba kila akibadilisha simu. Na wazee hupigia simu ya yeyote aliye karibu. Nilipokuwa naandika orodha nilimpigia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo mama. Nataka kujua, ukitaka kumsalimia mjukuu wako na huna salio, unapiga kwa simu ya nani?"

Akafikiri. "Ya Mama Zuhura wa dukani. Na siku nyingine ya yule kijana wa bodaboda."

Namba ya Mama Zuhura ikaingia kwenye orodha, maana tunamfahamu. Ya kijana wa bodaboda haikuingia. Tukakubaliana kwamba bibi akiwa na simu ya kuazima anipigie mimi kwanza, halafu mimi ndiye nimpigie mtoto. Usipouliza swali hili, ukishafunga namba ngeni bibi atapiga mara tano, simu haiiti, na jioni familia nzima itakuwa inakulaumu kwamba umemzuia asiongee na mjukuu.

Kanuni hiyo ya "mpigie mzazi kwanza" iseme wazi kwa kila aliye nje ya orodha, hasa shuleni. Waulize ofisi ya shule na dereva wa basi wanapiga kwa namba zipi, uzihifadhi zote. Mwalimu mwenye dharura akitumia simu ya mwalimu mwenzake, akupigie wewe.

Kila namba iandike pamoja na msimbo wa nchi: +255 kwa Tanzania, +254 kwa Kenya, +968 kwa shangazi aliye Muscat. Ndugu wa nje ndio ambao namba zao huhifadhiwa vibaya, na simu iliyofungwa haitamtambua mtu ambaye namba yake imeandikwa nusu.

Laini

Kama bado hujanunua laini, isajili kwa jina lako, lakini mwambie wakala kabisa kwamba hutaki kuiunganisha na huduma ya pesa. Mtoto wa darasa la tano hana anachokifanya na M-Pesa au Airtel Money. Ukihitaji kumtumia nauli, tuma kwa mtu mzima aliye naye. Kama laini imeshaunganishwa, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho uombe akaunti ya pesa ifungwe. Ukiwa kwenye hilo, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; Tanzania msimbo huu unafanya kazi, na Kenya wateja wa Safaricom wanautumia pia. Usishangae ukikuta laini usiyoijua.

Salio nalo ni mpaka. Mnunulie bando la dakika na meseji kutoka kwenye simu yako, usimpe vocha. Bando likiisha, limeisha. Ila kumbuka kuna huduma za kukopa salio, kama Nipige Tafu ya Vodacom na Okoa Jahazi ya Safaricom, na watoto wanazijua kuliko sisi. Mwambie mapema kwamba hakuna kukopa, na ukiona bando unalonunua linapungua kwa deni, utajua.

Simu nyingi zinazouzwa kwetu zina nafasi mbili za laini. Nafasi ya pili ikiwa wazi, binamu anakuja likizo na laini yake ya zamani, anaichomeka, na nusu ya kazi uliyoifanya imeharibika. Kagua kijisanduku cha laini mara mojamoja.

Kama ni kitochi

Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 ambaye simu yake ni ya kumwambia mama "nimefika", sioni sababu ya kumpa simu janja. Kitochi, au kabambe kama wanavyoiita Kenya, kinatosha. Na kina kufuli zuri ambalo watu wengi hawajawahi kulitumia: orodha ya namba pekee zinazoweza kupigwa. Kwa Kiingereza menyu yake huandikwa "Fixed dialing" au "FDN". Lipo pia kwenye simu nyingi za Android, ndani ya mipangilio ya programu ya kupigia.

Kufuli hili linakaa kwenye laini yenyewe. Ukiliwasha, laini haipigi wala kutuma meseji kwenda namba isiyo kwenye orodha. Utahitaji namba ya siri inayoitwa PIN2, ambayo ni tofauti na PIN ya kawaida ya laini. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, kwa wengi ni 100, uwaombe PIN2. Usiibahatishe: ukikosea mara tatu inajifunga, na utatakiwa kuwa na PUK2 kuifungua.

Ukishaipata, ingia kwenye menyu, washa kufuli, ongeza namba za kwenye karatasi moja baada ya nyingine. Misimbo ya nyota na reli nayo mara nyingi hugoma kufuli likiwa limewashwa, na hilo kwangu ni faida, kwa sababu ndiyo njia ya kukopa salio.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa. Linazuia zinazotoka tu. Simu na meseji zinazoingia linaziacha zipite. Kwa hiyo linafaa kwa mtoto anayetumia salio ovyo au anayebipu watu asiowajua, lakini mtu kama yule aliyempigia binti yangu halimzuii.

Simu ya Android: Family Link

Simu za Tecno, Infinix, itel, Samsung na nyingi nyinginezo tunazotumia ni za Android. Kwa hizo, programu ya Google ya wazazi inaitwa Family Link, ni ya bure, imekuwepo tangu 2017. Mwaka 2025 Google ilitangaza nyongeza ambayo ndiyo tunayoihitaji hapa: mzazi anaweka orodha ya watu walioidhinishwa, na simu ya mtoto inaishia kwa hao tu, kupiga na kutumiana meseji. Mtoto akitaka kuongeza mtu, ombi linakuja kwenye simu yako.

Kabla ya chochote, angalia simu ya mtoto inatumia akaunti gani. Nimeona mara nyingi: simu imenunuliwa dukani, muuzaji ameifungulia akaunti yake mwenyewe ili mteja aondoke haraka. Au mzazi ameingiza Gmail yake, na sasa mtoto anaona namba zote 600 za mama, wateja na wadeni wakiwemo. Katika hali zote mbili, hamisha picha unazotaka kuzitunza, ondoa akaunti hiyo, kisha irudishe simu ilivyotoka kiwandani. Uhakikishe akaunti ya zamani imeondoka kabla ya kuirudisha, la sivyo simu itakudai nywila yake ukiiwasha.

Halafu fuata hivi:

1. Kwenye simu yako, pakua Family Link. Wewe unaweza kuwa na Android au iPhone, haijalishi. Ingia kwa akaunti yako ya Google.

2. Humo ndani, mfungulie mtoto akaunti yake. Andika tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Wazazi wengi humwongezea mtoto miaka ili "asisumbuliwe", na kwa kufanya hivyo wanaondoa ulinzi wote ambao ungewashwa kwa sababu ya umri wake.

3. Washa simu ya mtoto na uingize akaunti hiyo mpya. Itaomba idhini yako, weka nywila yako mwenyewe, mtoto asiione.

4. Rudi kwenye simu yako. Chagua jina la mtoto, ingia kwenye vidhibiti. Jambo la kwanza ni programu mpya: weka kila programu isubiri idhini yako kabla ya kupakuliwa. Bila hatua hii, hatua zote zinazofuata ni bure.

5. Tafuta sehemu ya anwani, yaani orodha ya majina ya kwenye simu. Ingiza watu wa kwenye karatasi, kila mmoja na namba zake zote, kisha washa zuio la simu na meseji kwa walioidhinishwa tu. Kama sehemu hiyo huioni, sasisha Family Link na sasisha simu ya mtoto. Ikikosekana hata baada ya hapo, tumia njia ya "Usinisumbue" nitakayoieleza chini.

6. Weka muda wa kulala na muda wa shule. Simu za dharura zinabaki wazi hata simu ikiwa imefungwa.

Kuhusu saa, tahadhari. Simu haihesabu kama sisi. Saa mbili usiku kwenye simu ni 20:00, au 8:00 PM. Jirani yangu aliweka 2:00 AM akidhani ni saa mbili usiku, na mtoto wake akawa na simu hadi saa nane za usiku kwa wiki nzima kabla hatujagundua.

Na jambo jingine la kwetu: mabadiliko unayoyafanya kwenye Family Link yanasafiri kwa intaneti. Data ya mtoto ikiwa imezimwa au imeisha, agizo lako linasubiri. Ukiongeza au kuondoa namba ya mtu, hakikisha simu ya mtoto imeunganishwa kwa dakika chache.

Usinisumbue, kwa simu ambayo haina hayo

Karibu kila Android ina "Usinisumbue", kwa Kiingereza "Do Not Disturb", ndani ya mipangilio ya sauti au arifa. Kwenye matoleo mapya imewekwa ndani ya "Modes". Ingia sehemu ya watu. Upande wa simu chagua watu wa kwenye anwani pekee, au walio na nyota pekee. Upande wa meseji fanya vilevile. Kisha weka ratiba ili ijiwashe yenyewe.

Mimi napenda ile ya nyota: orodha nzima ya majina inaruhusiwa mchana, usiku wenye nyota pekee, yaani mama, baba na bibi.

Kuna kitufe kidogo kinachoruhusu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15. Kimewekwa kwa nia njema, mtu mwenye dharura hupiga tena. Lakini msumbufu naye hupiga tena. Kwa simu ya mtoto nakizima.

Ujue tu kwamba njia hii inanyamazisha, haizuii. Simu itaonekana baadaye kwenye orodha ya zilizokosekana, na mtoto anaweza kuipigia. Pia anaweza kuizima kwa kidole kimoja. Kwa hiyo itumie pamoja na makubaliano: namba ngeni iliyokosekana haipigiwi, inaonyeshwa kwa mzazi.

Hapa pia kuna neno linalopotosha watu. Kwenye sehemu ya kuzuia namba, simu nyingi zina kitufe cha kuzuia wapigaji "wasiojulikana". Ukikiona utadhani umemaliza kazi. Kwa kawaida kitufe hicho kinamaanisha waliojificha namba, ile inayotokea bila tarakimu. Mtu ambaye namba yake inaonekana lakini mtoto hajaihifadhi, anapita vizuri kabisa.

Kama mtoto ana iPhone

iPhone hazina menyu za Kiswahili, kwa hiyo nitataja majina yalivyo. Ingia "Settings", "Screen Time", kisha "Communication Limits". Utakuta mipaka miwili. Wa kwanza ni wa mchana: chagua "Contacts Only". Wa pili ni wa muda wa mapumziko: chagua "Specific Contacts" na uweke wachache wa usiku. Mipaka hii inahusu simu za kawaida, FaceTime (simu za video za Apple) na meseji za Apple.

Mambo mawili ni lazima yawe sawa ili ifanye kazi: majina yahifadhiwe iCloud, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na "Screen Time" iwe na namba ya siri anayoijua mzazi peke yake. Zima pia ruhusa ya mtoto kuhariri majina, la sivyo atamhifadhi mtu mpya na mtu huyo ameshakuwa "contact". Kama na wewe una iPhone, yote haya unaweza kuyafanya ukiwa mbali kupitia familia ya Apple. Kama huna, yafanye kwenye simu ya mtoto mwenyewe, inakubali.

Mtoto akipiga namba ya dharura, mipaka ya mawasiliano hujiondoa kwa saa 24 ili wanaomtafuta waweze kumpata. Ni utaratibu mzuri. Mweleze mtoto kwamba namba ya dharura ni ya dharura.

Dirisha la nyuma ni WhatsApp

Sasa umefunga mlango wa mbele. Lakini yote niliyoyaeleza hapo juu yanahusu simu na meseji za kawaida, zile za laini. WhatsApp inapita kwenye data, na haijali orodha yako. Mzazi anaweza kukaa mwezi mzima akidhani mtoto yuko salama, kumbe maongezi yote yapo huko.

Masharti ya WhatsApp yanataka mtumiaji awe na miaka 13. Mimi nayafuata. Binti yangu bado hana WhatsApp kwenye simu yake. Kundi la darasa ambalo mwalimu anatuma kazi za nyumbani liko kwenye simu yangu, na jioni anazisoma pale. Shangazi wa Muscat anampigia kupitia kwangu, wanaongea kwa spika, na hakuna aliyelalamika.

Kwa mtoto aliyefikisha miaka 13, au kama umeamua kumruhusu, kaa naye mfanye haya ndani ya mipangilio ya faragha:

Makundi: anayeweza kumwingiza mtoto kwenye kundi awe mtu wa kwenye anwani zake tu. Hiki ndicho kipengele ninachokiwekea uzito kuliko vyote, na nitasema kwa nini. Fikiria makundi yetu. Kamati ya harusi, michango ya msiba, ukoo mzima wa upande wa baba. Watu 150, nusu yao huwajui, na kila mmoja wao anaiona namba ya kila mwenzake. Mtoto akiingizwa kwenye kundi la send-off ya mama mdogo, namba yake imegawiwa kwa watu 150 kwa mpigo mmoja. Hakuna haja ya mtoto kuwa kwenye makundi hayo. Akishaingizwa, atoke, na aliyemwingiza aelezwe kwa heshima.

Simu: washa kitufe cha kunyamazisha wapigaji wasiojulikana. Kipo tangu 2023, na huku "wasiojulikana" ni wale ambao hawapo kwenye anwani, kama tunavyotaka.

Picha ya wasifu, "kuonekana mwisho" na maelezo: viwe kwa watu wa kwenye anwani tu. Picha ya mtoto na sare ya shule inamwambia mtu asiyemjua anasoma wapi.

Thibitisho la hatua mbili, yaani namba ya siri ya WhatsApp yenyewe: weka, na barua pepe iwe yako. Angalia pia vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe papo hapo.

Hata hivyo meseji za WhatsApp kutoka kwa wageni bado zinaweza kuingia. Hakuna kitufe cha kuzifunga zote. Mfundishe mtoto kwamba meseji ya namba ngeni haijibiwi, hata kwa "nani mwenzangu?", maana jibu lolote linamwambia mtumaji kwamba namba ina mtu.

Usisahau kwamba michezo nayo ina maongezi. Free Fire ina gumzo la maandishi na la sauti na watu wa kokote. TikTok haimruhusu mwenye chini ya miaka 16 kutumiana meseji za faragha, lakini hiyo ni kama umri aliouandika ni wa kweli. Ndiyo maana niliweka idhini ya programu kama hatua ya nne na sikuiacha mwisho.

Anapotumia simu yako

Nyumba nyingi mtoto hana simu yake, anashika ya mama akirudi kazini. Kwenye simu kadhaa za Android unaweza kumfungulia mtumiaji wa pili au mgeni, ndani ya mipangilio ya mfumo, sehemu ya watumiaji wengi, na ukaacha ruhusa ya kupiga simu ikiwa imezimwa. Simu za Samsung hazina kipengele hiki, tableti zake ndizo zinazo. Kwa simu isiyo nacho, bandika programu moja: unamfungulia katuni, unaibandika, na ili kutoka humo inahitaji namba yako ya siri. iPhone ina kitu kama hicho kinachoitwa "Guided Access".

Jaribu, usiamini tu

Ukishamaliza, azima simu ya jirani ambaye namba yake haipo kwenye orodha. Piga. Tuma meseji. Kisha mpe mtoto simu yake ajaribu kuipigia namba hiyo ya jirani. Halafu bibi apige, kwa namba zake zote mbili. Jaribu mchana, jaribu tena ndani ya muda wa usiku. Mara ya kwanza kwetu, zuio lilikuwa limewashwa, lakini namba ya baba yake ya kazini haikuwemo, tukaigundua palepale.

Rudia jaribio kila simu inapojisasisha, kwani sasisho wakati mwingine hurudisha mipangilio ya mwanzo. Na namba yako ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Wala isiwe ileile ya M-Pesa. Watoto wanatuangalia vidole tunapolipa dukani.

Mwambie kila ulichokifanya

Sikumfanyia binti yangu haya kwa siri. Aliuliza, "Mama, huniamini?" Nikamjibu kwamba yeye namwamini, yule mtu aliyetaja majina yangu matatu ndiye nisiyemwamini. Nimemwahidi pia kwamba sisomi meseji zake na marafiki wa kwenye orodha. Tumechagua pamoja nani anaingia. Wakishaingia, maongezi ni yao. Niliona mzazi mmoja anasoma kila kitu usiku mtoto amelala, na mtoto alipojua alianza kufuta meseji zote kila jioni, hata zile ambazo mama yake alihitaji kuziona.

Tuliweka neno letu la siri la familia. Mtu yeyote akipiga akasema ametumwa na mama, mtoto anamuuliza neno. Hajui, simu inakatwa, hakuna kuaga.

Ikipita hata hivyo

Namba ya mtu anayesumbua usiifute kwa hasira. Piga picha ya kioo (screenshot) kwanza, iwe na namba, tarehe na saa, kisha uizuie. Meseji za matapeli, zile za "ile pesa tuma kwenye namba hii", Tanzania zinapelekwa 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kenya wateja wa Safaricom wanazipeleka 333.

Mtu mzima anayemwomba mtoto picha, anayemwambia asimwambie mama, au anayetaka wakutane, huyo si wa kuzuiwa tu. Nenda polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, ukiwa na picha za kioo. Na kuna namba 116, simu ya msaada kwa watoto, inapatikana Tanzania, Kenya na Uganda. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Ihifadhi kwenye simu yake na uiweke kwenye orodha ya walioruhusiwa. Pale juu kabisa, chini ya jina lako.

Kila mwisho wa muhula tunaipitia karatasi upya. Dereva wa basi amebadilika, namba yake inatoka, ya mpya inaingia baada ya mimi kuongea naye. Rafiki aliyehamia Dodoma anabaki. Orodha ya binti yangu ilianza na majina manane, leo ana miaka 13 na yamefika kumi na manne. Likizo hii ameomba mawili: mwenzake wa kwaya, ambaye mama yake tumeshapigiana, na mvulana mmoja wa masomo ya ziada. Huyo wa pili nimemwambia nitampa jibu nikishaonana na wazazi wake Jumamosi.